Istanbul Ijumaa hadi Jumatatu na bi mkubwa mwenye magoti: tuanze wapi, tuache nini?

BintiMsafiri

Assalaam aleikum na habari zenu wadau. Naomba msaada kwa mliowahi kutalii Istanbul au mnaoishi huko. Mimi na mama yangu tunaenda mwezi wa kumi na moja, tunatua Ijumaa tarehe 7 asubuhi kwenye ule uwanja mkubwa mpya wa upande wa Ulaya na tunaondoka Jumatatu tarehe 10, ndege ya saa nne usiku. Viza na tiketi tayari, hoteli bado sijalipia kwa sababu sijui tukae mtaa gani.

Bi mkubwa mwili anao ila magoti yanamsumbua, tambarare anatembea vizuri tu lakini ngazi na vilima vinamtesa, na akishatembea kama robo saa inabidi akae kidogo ndio aendelee. Yeye ana mambo mawili tu anayoyataka, aswali msikiti wa Ayasofya na avione vile vitu vya Mtume (SAW) vilivyohifadhiwa Topkapı, lile kasri la masultani, hayo ameyataja tangu sisi tuko wadogo kwa hiyo hayo mawili LAZIMA yatimie. Mimi nataka kuuona mji wenyewe, masoko, bahari, mitaa ya zamani.

Sasa kila nikisoma naongeza kitu kingine kwenye orodha, nimefika mahali nina Ayasofya, Msikiti wa Bluu, Topkapı, lile birika la chini ya ardhi, soko kubwa, mnara wa Galata, kasri la Dolmabahçe, boti ya Bosphorus (ule mlango wa bahari unaougawa mji), msikiti wa Süleymaniye, visiwa vya kule Marmara, na kuna ndugu yetu anasisitiza tusikose kwenda Bursa. Najua haviwezekani vyote. Naombeni mnisaidie kupunguza bila kumkatili mama. Nawasilisha.

MzeeWaRamani

Wa aleikum salaam dada. Weka orodha ya sehemu pembeni kwanza, chukua kalenda. Istanbul kila kivutio kina siku yake ya kufungwa na ninyi mmeangukia wikiendi ambayo ndiyo yenye mitego mingi, ukipanga kwa kuangalia ramani peke yake utajikuta mbele ya geti lililofungwa na mama amesimama juani.

Ijumaa misikiti mikubwa ya kihistoria haipokei watalii asubuhi mpaka swala ya Ijumaa iishe, hesabu mpaka saa nane na nusu mchana hivi. Jumapili soko kubwa, lile Grand Bazaar, halifunguliwi kabisa. Jumatatu Dolmabahçe hufungwa. Jumanne Topkapı ndio hufungwa, hiyo nyie haiwagusi lakini inamaanisha watu wanaobaki mjini mpaka katikati ya wiki wanajazana Jumatatu, kwa hiyo Topkapı iwekeni Jumamosi, saa tatu kamili asubuhi geti likifunguliwa nyie mpo.

Ukishaweka hivyo orodha inajipanga yenyewe. Ijumaa mnafika mmechoka, mchana mpumzike, jioni mzunguke pale pale jirani. Jumamosi Topkapı, na baada ya mama kupumzika soko kubwa, maana Jumapili halipo. Jumapili ni siku ya maji. Jumatatu asubuhi kitu kimoja chepesi halafu mjiandae kwa safari.

Bursa na visiwa futa. Sio kwamba ni vibaya, Bursa ni mji mzuri sana ndio uliokuwa makao ya Waosmani wa mwanzo kabla hawajauchukua Konstantinopoli, yaani Istanbul yenyewe, lakini kwenda na kurudi ni siku nzima na nyie hamna siku ya kutoa. Mwambie huyo ndugu safari ijayo inshallah.

Na kingine, mwezi huo jua linachomoza baada ya saa moja na nusu asubuhi na linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Mchana ni mfupi. Saa za Uturuki ni sawa na za Afrika Mashariki kwa hiyo miili yenu haitasumbuka, mama ataamka muda wake wa kawaida, tumieni hiyo asubuhi kabla mabasi ya watalii hayajafika.

UmmuSalma

Binti hongera kwa kumpeleka mama, Mungu akulipe. Mimi naongelea Ayasofya tu kwa sababu hapo watu wengi wanachanganyikiwa na wewe umesema ndio hamu yake.

Tangu Januari 2024 kuna milango miwili. Mtalii analipa (ilianza na euro 25) na anapandishwa ghorofani kwenye roshani za juu, huko ndiko kuna zile picha za zamani za Wakristo zilizotengenezwa kwa vijiwe, lakini hashuki chini kwenye zulia. Anayekwenda kuswali anaingia mlango wa waumini, halipi kitu, na anakuwa chini kabisa, penyewe, chini ya kuba. Sasa kwa mama yako hii ni neema mara mbili maana kule juu ni kupanda na chini ni tambarare. Yeye hana haja ya tiketi. Nendeni wakati wa swala, mmeshatawadha, mmejisitiri vizuri, foleni ya waumini inakwenda haraka kuliko ile nyingine.

Nisingemshauri swala ya Ijumaa yenyewe. Ni siku mnayotua, mtakuwa na mabegi na uchovu, na umati wa Ijumaa pale unajaa mpaka uwanjani nje, mtu wa magoti atabanwa. Mpeleke magharibi ya hiyo Ijumaa au alfajiri ya Jumamosi. Alfajiri ndiyo ningechagua mimi, watu wachache, sauti ya imamu inapanda mpaka juu kwenye kuba la mita zaidi ya 50 na inarudi chini, mama ataketi atakavyo hakuna wa kumsukuma.

Mwandae pia kwa hili: ndani kuna ukarabati mkubwa unaendelea, kwa hiyo akikuta vyuma vya mafundi vimesimamishwa asivunjike moyo, mwambie mapema kabla hajafika. Jengo ni la mwaka 537, limepita kwenye matetemeko na kuba lake limewahi kuanguka likajengwa upya, hayo matengenezo ndiyo yanayolibakiza.

Na wewe kama unataka zile picha za juu, mwache mama chini baada ya swala au hotelini, kata tiketi yako uende peke yako.

NipoUpandeWaAsia

Mambo vipi sista. Wote wanakupeleka Sultanahmet, ule mtaa wa Ayasofya, ila mimi nakushauri mkalale Üsküdar. Ni upande wa Asia, ni mtaa wa watu wanaoishi sio wa watalii tu, misikiti kila kona, ufukweni pametandazwa tambarare mama atatembea jioni anaangalia Ulaya ng'ambo, vyumba vina nafuu na chakula hakipandishwi bei kwa sababu ya sura yako. Kuvuka ni rahisi, feri inakuja Eminönü, gati ya upande wa Ulaya, muda mfupi tu, au Marmaray ile treni inayopita chini ya bahari, toka Üsküdar mpaka Sirkeci ni kama dakika nne. Ilifunguliwa 2013 na wenyeji ndiyo wanayoitumia kila siku.

Watu wanaenda Istanbul wanarudi hawajawahi kukanyaga Asia, mimi hilo linaniuma kweli.

MzeeWaRamani

Kijana Üsküdar naipenda na mimi, kwa mtu wa wiki nzima mwenye miguu mizima ningesema ndiyo bila kufikiri. Lakini mpango wa huyu mama unasimama au unaanguka kwenye jambo moja, kurudi kitandani mchana. Mtu wa magoti akiweza kulala saa mbili katikati ya siku anapata siku mbili ndani ya moja. Akikaa ng'ambo hatarudi, ataishia kukaa kwenye benchi la baridi anasubiri jioni, na Marmaray ni haraka kweli lakini vituo vyake viko chini sana, ngazi za umeme ndefu na kutembea kwingi ndani kwa ndani.

Mimi nasema Sultanahmet yenyewe, juu, karibu na kituo cha tramu. Na hapa naomba unisikilize vizuri dada maana hoteli zote zinaandika "dakika tano kutoka Ayasofya" bila kusema ni dakika tano za mlima. Ule mji wa kale umekaa kwenye vilima. Uwanja wa Sultanahmet, Ayasofya, Msikiti wa Bluu na geti kuu la Topkapı viko juu pamoja karibu usawa mmoja. Hoteli za kule chini upande wa bahari na za upande wa Sirkeci ni nafuu lakini kila siku mtapanda. Na Topkapı msiingilie kupitia bustani ya Gülhane hata kama ramani ya simu inawapeleka huko, ule ni mwinuko, zungukeni nyuma ya Ayasofya mtaingia kwa geti kubwa mkiwa tambarare.

UmmuSalma

Naunga mkono hapo. Na Topkapı ni kubwa, nyua nne zinafuatana, mtu akianza kutembea bila mpango atamaliza nguvu kabla hajafika anapopataka. Vitu vya Mtume viko uwanja wa tatu. Nendeni moja kwa moja huko asubuhi msisimame popote, halafu mnarudi mkiangalia mengine polepole. Kuna joho lake, panga, unywele wa ndevu, unyayo, na mle ndani Quran inasomwa muda wote na msomaji amekaa pale pale. Kupiga picha hairuhusiwi. Saa tatu na nusu bado kuna utulivu, ikifika saa tano ni msukumano, na kwa mtu ambaye amengoja maisha yake yote kusimama pale hiyo tofauti ni kubwa mno.

Vibaraza vya uwanja wa nne vina mandhari ya Bosphorus, kuna mahali pa kukaa, mwacheni mama apumzike hapo.

BintiMsafiri

Jamani nimesoma huku machozi yananilenga, sikujua kabisa habari ya milango miwili, ningemkatia tiketi ya kumpandisha juu. Nimeshaamua Sultanahmet, juu karibu na tramu.

Maswali yaliyobaki. Kutembea mjini tunatumia nini? Boti ya Bosphorus ipi maana naona za bei za kila aina? Galata na lile birika niache kabisa? Na kutoka eapoti?

NipoUpandeWaAsia

Poa sista nimekubali yaishe, ila Asia mtafika, nakupangia mimi hiyo Jumapili.

Kwanza nunua Istanbulkart kwenye mashine pale kituoni, ni kadi unaweka salio unagonga getini, na kadi moja mnaweza kugonga wote wawili. Inafanya kazi tramu, metro, basi, feri, Marmaray, kila kitu. Tramu ya T1 ndiyo uti wa mgongo wenu, inaanzia mbali huko inapita Beyazıt kwenye soko kubwa, Sultanahmet, Sirkeci, Eminönü kwenye feri, inavuka daraja la Galata mpaka Karaköy na kuishia Kabataş. Karibu kila mnachotaka kiko kwenye huo mstari mmoja. Sakafu yake iko sawa na jukwaa mama hapandi ngazi yoyote.

Boti sasa. Pale Eminönü mtavutwa mikono na watu wanaouza tiketi za boti za watalii, pita. Tafuta feri za mji, Şehir Hatları, wana safari fupi ya Bosphorus, kama saa mbili kwenda na kurudi bila kushuka. Kwenda kaeni upande wa kushoto, mtaona Dolmabahçe yote ilivyonyooka kwenye maji kwa hiyo hata msipoingia ndani mmeiona sura yake nzuri, halafu mnapita chini ya daraja la kwanza la 1973, na karibu na daraja la pili kuna ngome ya Rumeli, hiyo Sultan Mehmed aliijenga 1452 kwa miezi michache tu kwenye sehemu nyembamba kabisa ya mlango wa bahari, kama mita 700 hivi, ili azuie meli zisipeleke msaada mjini. Mwaka uliofuata mji ukaanguka. Mkiwa kwenye maji ndio mtaelewa kwa nini ilikuwa pale, kwenye kitabu haielezeki.

Mkirudi Eminönü msile pale, pandeni feri ya kawaida ya abiria ya Üsküdar, kaeni kulia, Topkapı na mnara wa Kız Kulesi vyote viko upande huo. Mle chakula Üsküdar, mama anywe chai ufukweni, aswali laasiri msikiti wa Mihrimah Sultan uko pale pale mnaposhukia, umejengwa na Mimar Sinan, yule msanifu mkuu wa Waosmani. Kurudi mkiwa kwenye feri wakati jua linazama ndio mji wote wa kale unaonekana, kuba na minara imepangana juu ya vilima. Kwangu mimi hiyo feri ya abiria ya bei ya tramu inaishinda boti yoyote ya chakula cha usiku na ngoma.

MzeeWaRamani

Hapo umenena kijana.

Galata, mnara wenyewe uacheni, foleni ndefu na lifti haifiki juu kabisa lazima ngazi. Ila mtaa wake mama anaweza kuuona, mkishuka tramu Karaköy msipande kwa miguu, kuna Tünel, kitreni kinachopanda kilima chini ya ardhi tangu 1875, dakika moja na nusu mko juu kwenye mtaa wa İstiklal. Hicho chenyewe ni kivutio, duniani treni ya chini ya ardhi ya mjini iliyoitangulia ni ya London tu. Wekeni Jumatatu kama mna nguvu.

Birika la Yerebatan ni ngazi za kushuka na kupanda na chini kuna unyevu, si pa mama. Lakini wewe usiliache! Wana muda wa usiku pia, tiketi yake ni ghali zaidi ila hakuna msongamano. Mama akishalala Jumamosi ni hatua chache kutoka hotelini. Nguzo 336 zimesimama ndani ya maji gizani, za wakati wa kaizari Justinian yule yule aliyejenga Ayasofya, na kule mwisho nguzo mbili zimekalia vichwa vya Medusa, yule mwanamke wa ngano mwenye nywele za nyoka, kimoja kimelala ubavu kimoja kimegeuzwa juu chini.

Kutoka eapoti kuna metro ya M11 lakini inaishia Gayrettepe na kubadilisha pale ni kutembea mbali na mabegi. Basi za Havaist ni nzuri kwa anayeenda Taksim. Nyie siku hiyo ya kwanza chukueni teksi mpaka mlangoni, mita iwashwe mbele ya macho yako, hela ya hapo sio ya kubana. Banieni kwingine, kwa mfano eapoti usibadilishe pesa nyingi, badilisha kidogo tu ya kuanzia, mjini karibu na soko kubwa viwango ni bora. Na bei za lira ulizosoma kwenye makala za miaka ya nyuma zisahau, zinapanda kila mara, angalia tovuti rasmi ya kila makumbusho wiki moja kabla.

Jambo moja la Jumatatu tarehe 10. Saa tatu na dakika tano asubuhi mtasikia ving'ora mji mzima, magari yanasimama, watu wanashuka na kusimama wima, hata feri zinapiga honi. Msiogope. Ni kumbukumbu ya Atatürk, mwanzilishi wa Jamhuri ya Uturuki, alifariki dakika hiyo hiyo Dolmabahçe mwaka 1938. Simameni na nyie kwa heshima, ni muda mfupi tu. Maeneo ya Dolmabahçe na Beşiktaş asubuhi hiyo yana watu wengi sana, msiende huko.

BintiMsafiri

Shukrani sana sana. Basi nimeandika hivi, mnisahihishe. Ijumaa teksi, kulala, laasiri ikishapita Msikiti wa Bluu kwa nje na ndani, magharibi Ayasofya kama mama ana nguvu. Jumamosi alfajiri Ayasofya, kifungua kinywa, Topkapı saa tatu, kulala, saa tisa tramu mpaka Beyazıt sokoni, usiku mimi birika. Jumapili maji na Üsküdar. Jumatatu Süleymaniye asubuhi au Tünel, tunarudi kuchukua mabegi hotelini, kumi jioni tunaanza safari ya eapoti.

Kuna dada kazini kaniambia Eyüp Sultan, kwenye kaburi la sahaba Abu Ayyub al-Ansari. Hiyo inaingia wapi? Na mama anaswali kwa kukaa kwenye kiti, misikiti ya kule inawezekana?

UmmuSalma

Mpango umekaa vizuri. Eyüp iweke Jumatatu badala ya Süleymaniye, na sababu ni magoti tu. Süleymaniye ni kazi kubwa kabisa ya Sinan pale mjini na mimi naipenda kuliko Msikiti wa Bluu, lakini iko kileleni, ukitaka mfike ni teksi. Eyüp kuna tramu ya T5 inaanzia Eminönü inakwenda pembeni ya maji ya Pembe ya Dhahabu mpaka pale, tambarare mwanzo mwisho. Huyo ndiye sahaba aliyempokea Mtume nyumbani kwake Madina, akafia nje ya kuta za mji huu akiwa mzee kwenye jeshi la kuuzingira, kwa hiyo mama akijua hilo mji mzima utamkaa tofauti. Ving'ora vikipita saa tatu ndio mtoke hotelini, mkimaliza ziara kuna kebo ya kupanda kilimani juu yake mkanywe chai, saa saba mpo mmerudi.

Kuswali kwenye kiti hakuna shida, misikiti mikubwa wazee wengi wanaswali hivyo na utakuta viti au vibenchi nyuma au pembeni, sehemu ya wanawake pia, usipoviona muonyeshe mlinzi kwa ishara atakuletea. Ila alfajiri ya Ayasofya fikeni mapema kidogo kabla ya adhana mpate kimoja. Mvalishe viatu vya kuvua bila kuinama, maana kwa siku hizo atavua na kuvaa mara nyingi, chukua na mfuko wa kuvibebea usiviache kwenye rafu ya mlango mwingine, na koti la mvua, Novemba mvua za kule haziagi.